Santuri ya Katani na Jina la Mtoto

Hapo zamani, na nikisema zamani msianze kungoja majini na masultani maana nawajua, hapo zamani za santuri, mtu alikuwa akinunua muziki anaubeba kwapani kama sinia, na mtaa mzima unajua leo fulani kanunua.

Kila mtu alikuwa na santuri anayoiapia. Huyu anaapia ile yenye maneno matamu, yule anaapia ile yenye gitaa. Mimi naapia ile iliyorekodiwa vizuri. Ukifumba macho unajua mwimbaji kasimama wapi, saksafoni iko wapi, na mwenye kayamba kajibanza kona gani. Nayo ni moja tu, Santuri ya Katani. Mnacheka? Chekeni. Mnasikiliza nyimbo kwenye simu mliyoitumbukiza kwenye bakuli ili iongeze sauti, halafu mnanicheka mimi!

Haya. Palikuwa na mwimbaji, jina lake Mwanamvua. Alizaliwa Pangani kwa Bi. Tatu, mtoto wa pekee. Siku moja bendi ya Kwetu Raha Jazz ikapita pale, na ilipoondoka Mwanamvua akaondoka nayo, kaolewa na kiongozi wake, mpiga gitaa Jumbe. Mama hakuagwa. Hakuulizwa. Bi. Tatu akasusa. Salamu zikitumwa hazijibiwi, zawadi zikipelekwa zinarudi na kamba zake.

Mwanamvua akasema, "Mama akinisikia ninavyoimba atalainika." Wakaenda mjini wakarekodi santuri ya kwanza. Loo! Sauti ilitoka kama mbu kwenye kopo. Jirani yake Bi. Tatu alikuwa na gramafoni, akampigia. Bi. Tatu akasikiliza, akasonya, akasema, "Huyu si mwanangu. Mwanangu nimemnyonyesha mwenyewe, sauti yake naijua. Hiki ni kidudumtu gani?"

Maneno yakamfikia Mwanamvua. Alilia, jamani, hata Jumbe alishindwa kumbembeleza. Na wakati huo alikuwa ana mimba, tumbo ndiyo kwanza linaanza kuonekana. Akafuta machozi, akasimama mbele ya bendi nzima, akaapa:

"Tutarekodi tena. Atakayeifanya santuri itoe sauti yangu hivi ilivyo, mama yangu akanijua, mtoto huyu atachukua jina kutoka kwake. Akiwa wa kike, jina la mwanamke wa nyumba yake. Akiwa wa kiume, jina la mwanamume. Wallahi sirudi nyuma."

Ahadi ni deni, na hii ilisikiwa na watu wengi.

Bendi ilikuwa ikikaa kwenye shamba la mkonge upande wa Korogwe, ikiwachezea wafanyakazi. Akaitwa Fundi Hilali, fundi wa kurekodi, mtu mrefu asiyependa maneno. Alikuja na mashine ya tepu na maikrofoni moja. Jumbe akamwuliza, "Moja tu, Fundi?" Akajibu, "Na wewe una mdomo mmoja, mbona unatosha?"

Wakaanza katika ukumbi wa shamba. Fundi Hilali akapiga kofi moja, akatega sikio. Kofi likarudi kutoka ukutani, likarudi kutoka kwenye bati, likarudi tena. Akatikisa kichwa. "Humu akiimba mtu mmoja wanajibu watano. Kuna mahali hapa pasipojibu?"

Watu wakatazamana. Akasema Bi. Sikudhani, mtunza bohari wa shamba, "Pako bohari kwangu. Katikati ya robota za katani ukimwita mpagazi hakusikii mpaka umguse bega."

Lakini robota zile zilikuwa zimepangwa mlangoni, tayari kupakiwa kwenye treni, na meneja alikuwa amesema asiziguse mtu. Bi. Sikudhani akatoa funguo kiunoni. Kisha akafungua kufuli. Akawaita wapagazi, wakazisukuma robota mpaka zikawa kuta, robota juu ya robota, chumba ndani ya bohari. Fundi Hilali akaingia akapiga kofi. Kofi likafa palepale. Akatabasamu, na waliokuwapo wanasema ndiyo mara pekee walimwona akitabasamu.

Meneja alipojua, alimfokea Bi. Sikudhani mbele ya watu, akamtoa bohari akampeleka kuanika katani juani. Mwanamke wa makamo, jua la Korogwe! Lakini hilo lilikuja baadaye.

Basi wakapangwa. Saksafoni rudi nyuma. Rudi tena. Jumbe sogea kushoto. Mwanamvua njoo hapa karibu, usiishike maikrofoni, si mkono wa mumeo. Kila mtu alipigiwa mstari wa chaki miguuni. Wakajaribu, wakasikiliza. Bendi nzima inasikika safi kabisa, ila mwimbaji hayupo. Kamezwa.

Kamezwa na nani? Na Shaweji!

Shaweji alikuwa mpiga dramu, na akipiga dramu mabati yanaitika. Watu walikuwa wanatoka Muheza kuja kumtazama Shaweji, siyo bendi. Naye alijijua. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini yule alisifiwa kila wiki na tembo likazidi kuwa kali. Wakamrudisha nyuma, bado. Wakampeleka mlangoni, bado. Fundi Hilali akasema, "Ndugu yangu, gusa, usipige." Shaweji akaja juu. "Niguse? Mimi nimekuja kupapasa?"

Mwanamvua alikuwa kachoka. Alikaa juu ya robota, kashika kiuno, macho yamelegea. Shaweji akamtazama. Akatukana chini kwa chini, akaazima kanga kwa mke wa mpagazi, akazifunika dramu zake, akatupa fimbo, akapiga kwa vidole. Polepole. Mabati hayakuitika hata kidogo.

Wakarekodi nyimbo zote mchana ule. Katika wimbo wa mwisho, kabla ya ubeti wa mwisho, Mwanamvua akaishiwa pumzi. Mimba bwana, si mchezo. Shaweji alimwona. Badala ya kuendelea, akainua vidole, akangoja, na kwa kuwa dramu imengoja bendi nzima ikangoja. Mwanamvua akavuta pumzi ndefu, yenye kamlio kadogo mwishoni, akaimba ubeti wake.

Jumbe akapiga kelele, "Tumeharibu! Turudie!" Fundi Hilali akazima mashine. "Harudii mtu. Hiyo ndiyo nzuri kuliko zote."

Wakabishana mpaka wakachoka, na Fundi Hilali akashinda kwa njia ya kutojibu.

Santuri zikaja kutoka kiwandani. Watu wakazigombania. Kwenye mahoteli wanapunguza mazungumzo ili wasikie. Ila mashabiki wa Shaweji walikuja juu: "Kwani alikuwa anaumwa? Kazeeka?" Kwenye dansi wakaanza kumwita Bwana Vidole. Alicheka nao, lakini nyumbani alikuwa hamalizi chakula.

Na Pangani? Jirani akaiweka. Bi. Tatu alikuwa anachambua mchele, kageuza uso makusudi, hataki kuonekana anasikiliza. Ukapita wimbo, ukapita wimbo. Ungo umeshasimama lakini uso bado uko pembeni. Ukafika wimbo wa mwisho, ikafika ile pumzi.

Bi. Tatu akatupa ungo. "Mwanamvua! Kaa chini mwanangu, upumzike!"

Akazunguka nyuma ya gramafoni kumtafuta. Jirani akamshika, "Bi. Tatu, ni santuri tu!" Bi. Tatu akasema, "Santuri gani? Huyo ni mwanangu, tangu mdogo anavuta pumzi hivyo akichoka. Na sikiliza nikwambie, pumzi ile si ya mtu mmoja. Mwanangu ana mimba, na mimi niko hapa nachambua mchele!"

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Alijitanda kanga yake akaondoka siku hiyohiyo, na mchele ukaliwa na kuku.

Alifika, wakakumbatiana, wakalia, wakagombana kidogo, wakalia tena. Mtoto akazaliwa mikononi mwa bibi yake. Wa kiume.

Siku ya saba ikawadia. Mbuzi kachinjwa, ubani unafuka, pilau inanukia mpaka barabarani. Mwalimu wa madrasa kaja kumtajia mtoto jina sikioni. Hapo ndipo walipoinuka watatu.

Fundi Hilali akasema, "Pumzi ile niliinasa mimi. Kila mtu alitaka ifutwe, mimi nikakataa. Ingefutwa, bibi yake angekuwa Pangani mpaka leo. Mtoto aitwe Hilali." Akakaa. Aliyasema hayo tu.

Bi. Sikudhani akasema, "Jamani, mimi sina mtoto na umri umekwenda. Baba yangu, Mzee Ngwali, hana mjukuu, na mimi nikifa jina lake limekufa. Mashine ile ile na fundi yule yule walikuwa ukumbini, wakapata nini? Wakapata mwangwi. Niliwafungulia mlango nikijua nitaadhibiwa, na nazianika katani hadi leo, tazameni mikono. Mwiteni Ngwali, nami nitakufa nimeshiba."

Wanawake wakaanza kufuta macho. Wengine wakasema kwa sauti, "Apewe! Apewe!"

"Subirini," akasema Shaweji. "Hawa wawili walileta vitu. Mimi nilitoa. Kila mtu kwenye santuri ile anasikika isipokuwa mimi. Nilikuwa Shaweji, leo naitwa Bwana Vidole. Na pumzi ile, ningeendelea kupiga ingesikika na nani? Nilisimama kwa sababu nilimwonea huruma huyu dada. Jina langu limepotea kwenye santuri, basi lipatikane kwa mtoto."

Mwanamvua akashika tama. "Mama, mimi nimeapa, lakini kuchagua siwezi. Aliyenijua ni wewe. Sema."

Bi. Tatu akasema, "Mwanangu, mimi nilisikia pumzi moja tu. Nitaigawaje?"

Jumbe, kama kawaida yake, akaona kapata akili. "Tumwite yote matatu! Hilali Ngwali Shaweji!"

Bi. Tatu akamgeukia. "Mkwe wangu, huyu ni mtoto au treni? Jina la kwanza ndilo atakaloitwa akichelewa kula. Mengine ni mabehewa."

Watu wakacheka, maana kweli ni kweli. Mwalimu wa madrasa kainama, mdomo wake uko karibu kabisa na sikio la mtoto, sikio jipya ambalo halijaitwa bado. Anangoja aambiwe la kusema. Fundi hatazami mtu, Bi. Sikudhani kafumba macho, Shaweji vidole vinamcheza magotini.

Haya, nyie mliokuwa mnanicheka, semeni. Je, nani alistahili?