Paa Jekundu la Mtendaji Kasubi

Hivi wewe ungemwomba mwizi akurudishie paa lako kwa adabu? Nyamizi alijaribu. Serikali ilileta mabati ya msaada kwa wenye nyumba wasio na uwezo wa kuziezeka, yeye akiwemo. Yakapitia ofisini kwa Kasubi, mtendaji wa kijiji, na humo yakapotelea. Wiki hiyohiyo nyumba mpya ya Kasubi ikapata paa jekundu, rangi bado inanuka.

"Mama, mabati hayakufika," alisema Kasubi, akijipepea kwa kofia. "Vumilia. Umaskini ni mtihani."

"Nimekuelewa, mheshimiwa."

Nyamizi akaenda dukani kwa kaka yake, akaazima tangi kubwa la maji, akalipakia kwenye mkokoteni wa punda na kuingia nalo katikati ya mkutano wa kijiji.

"La nani hilo?" aliuliza Kasubi, macho yamemtoka.

"La msaada, mheshimiwa. Kila nyumba yenye yale mabati inapewa moja, la kukingia maji ya mvua. Saruji inafuata. Mimi mwenyewe sistahili, si unajua mabati sikupata?"

"Sasa atapewa nani?"

"Kama mabati hayakufika, hakuna wa kupewa. Linarudi mjini."

Akavuta kamba, akamgeuza punda.

"We mama, hebu ngoja!" Kasubi aliruka kutoka kiti cha mbele. "Lirudi mjini kufanya nini? Peleka kwangu! Kwaruzeni ile rangi muone mhuri wa msaada. Mabati yote niliyachukua mimi!"