Karamu ya Aliyeshindwa

Siku ya uchaguzi wa serikali ya kijiji, kabla hata kituo cha kupigia kura hakijafunguliwa, mbuzi wawili wa Salvatory Kinunda walikuwa wamekwisha kuchinjwa. Kijiji chao kimejibanza kwenye mteremko wa milima ya Mbinga, kahawa juu, mahindi chini, na kwa miaka kumi mwenyekiti wake alikuwa huyo huyo Salvatory. Kushindwa hakukuwa jambo alilolifikiria. Alikuwa amemwita hata shemeji yake Hamphrey, kaka wa mkewe, apande kutoka Liuli ziwani pamoja na kikundi chake cha ngoma ya mganda, waje kumchezea ushindi. Wimbo ulikuwa umetungwa tayari, na ndani yake Salvatory aliitwa simba wa mlima.

Mpinzani wake, Restituta Ndunguru, alikuwa mama wa makamo aliyeuza miche ya kahawa. Hakuchinja hata kuku. Katika kampeni alisema jambo moja tu, akalirudia kila kitongoji: kuta za zahanati zimesimama usawa wa madirisha kwa miaka mitatu, na wajawazito bado wanateremshwa bondeni kwa machela. Salvatory alicheka aliposikia. Mkewe Vitalia hakucheka, maana naye alikuwa mwanamke.

Saa kumi na moja jioni msimamizi alisimama mbele ya ofisi ya kijiji akasoma matokeo. Salvatory Kinunda, kura mia mbili na kumi. Restituta Ndunguru, kura mia mbili na kumi na nne.

Salvatory alirudi nyumbani kama mtu aliyenyeshewa, ingawa mvua ilikuwa imekatika tangu adhuhuri. Uani pilau lilikuwa linanukia, na wachezaji wa mganda, wenye kaptura nyeupe na soksi ndefu, walikuwa wakikaza ngozi ya ngoma yao kubwa. Nyuma yake alifuata Wilfred, wakala wake, pamoja na vijana kama thelathini wenye nyuso zilizovimba kwa hasira.

"Mzee, tusikubali," Wilfred alisema. "Kura nne si kitu. Wewe sema neno moja tu, na kuanzia Jumatatu kitongoji chetu chote hakitatia mguu kwenye zahanati. Ajenge mwenyewe na hao wake."

Salvatory alijua kuwa Wilfred hatanii. Jumatatu ndiyo siku ambayo kijiji kizima kilipangiwa kurudi kwenye ujenzi, na nusu ya mikono ilitoka kitongoji hicho. Neno lake moja lingetosha kuziacha kuta zile zilivyo kwa miaka mingine mitano. Na ukweli usemwe, neno hilo lilikuwa tamu mdomoni mwake.

"Kuna mtu yeyote aliyeiba kura?" alimuuliza Wilfred. "Wewe ulikaa mle kituoni tangu asubuhi."

Wilfred alitazama chini. "Hapana, mzee. Nilizihesabu mara mbili. Lakini inauma."

"Baba Eliza," Vitalia aliita kutoka jikoni, mwiko mkononi, "hawa mbuzi hawakupiga kura. Wakikungoja umalize kununa wataoza."

Watu wawili watatu walicheka, kisha wakajizuia. Hamphrey aliweka ngoma chini akamsogelea Salvatory.

"Shemeji, mwaka jana tulishindana na wenzetu wa kijiji jirani, wakatushinda mbele ya wake zetu," alisema. "Kwetu kikundi kilichoshindwa huwasindikiza washindi kwa ngoma hadi njia panda. Miguu ilikuwa mizito siku ile, lakini tuliwasindikiza. Ukikataa, mwaka unaofuata hakuna atakayekuita kushindana. Utabaki kucheza peke yako uani."

Salvatory aliingia ndani. Alitoka amevaa koti lake la mikutano, akawaambia wanawake wanyanyue masufuria.

"Tunakwenda wapi?" Vitalia aliuliza, ingawa alikuwa amekwisha kujifunga kanga kiunoni.

"Kwa mwenyekiti."

Huko kwa Restituta waliposikia ngoma ikishuka kilimani, walidhani vita vimekuja. Mzee mmoja alijifungia chooni. Restituta mwenyewe alitoka mlangoni akiwa na bakuli la makande, ndicho chakula pekee kilichopikwa kwake siku hiyo, akasimama wima. Ngoma ikanyamaza.

"Shikamoo, Mzee Kinunda," alisema.

"Marahaba, Mwenyekiti."

Neno hilo lilipita kwa watu taratibu, kila mmoja akimtazama mwenzake kama amesikia sawasawa. Salvatory alipanda juu ya jiwe la kuanikia vyombo.

"Ndugu zangu, imeniuma. Sitawadanganya, imeniuma mpaka tumboni. Lakini mliponipa kura miaka kumi iliyopita nilisema wananchi wana akili. Leo mmenipita kwa kura nne, je, akili hiyo imekwenda wapi? Ni ninyi wale wale. Sisi mia mbili na kumi hatujafa wala hatujahama. Tutamuuliza maswali kila mkutano, na mkono wa kwanza kunyooshwa utakuwa wangu. Ila tofali halina kitongoji. Jumatatu mtanikuta pale nimetangulia."

Restituta alicheka huku anafuta machozi. "Mzee, nilikuwa nimejiandalia maneno makali ya kukujibu. Sasa sijui niyapeleke wapi."

"Yatunze," Salvatory alijibu. "Utayahitaji kwenye mkutano."

Vicheko vikalipuka. Masufuria yakafunuliwa, ngoma ikarudi, na Hamphrey akalipachika jina la Restituta kwenye wimbo bila kubadili hata mstari mwingine, kwa hiyo mama yule muuza miche akawa simba wa mlima. Salvatory alicheza mganda vibaya kuliko watu wote, na kwa furaha kuliko watu wote. Mzee wa chooni alitoka aliposikia harufu ya pilau. Hata Wilfred, aliyekaa pembeni amenuna, alionekana baadaye akiguguna mfupa.

Jumatatu asubuhi kitongoji kizima kilifika, Wilfred akisukuma toroli. Zahanati ilipauliwa kabla ya Pasaka. Katika mkutano wa kwanza Salvatory alinyoosha mkono, akauliza swali gumu kuhusu mlango wa stoo ya zahanati, na Restituta akalijibu kwa jasho. Siku hiyo kijana mmoja alimchokoza Salvatory njiani: "Mzee, mbona unauliza maswali na ulishashindwa?"

"Ndiyo maana nauliza," alisema. "Nilishindana, nikashindwa, nikakubali. Ningekataa, leo ningekuwa mgomvi tu."

Na wahenga walikwisha kumjibia kijana yule: asiyekubali kushindwa si mshindani.