Kwa Nini Ziwa Letu Hucheua

Wewe uliyeziba pua, toa mkono usoni unisikilize. Ziwa hili halikuumbwa na harufu hii.

Enzi hizo maji yake yalikuwa maangavu. Majani yaliyodondoka yalizama polepole, yakafunikwa na tope baridi, yakalala humo. Ukingoni kote yalisimama mafunjo, na mafunjo yalikuwa ya wajane. Ndiyo desturi ilivyokuwa: mjane alikata shina juu ya maji, akasuka mikeka, mizizi akaiacha. Mizizi ikachuja kila kilichoteremka kutoka mlimani, ziwa likala kidogo na kushiba.

Koburungo alikuwa mjane, na mikeka ndiyo iliyowalisha wanawe. Shemeji yake, Kagaruki, alikuwa na ng'ombe wengi na jicho lisiloshiba. Msitu wa mlimani alikwisha kuufyeka. Mwaka wa jua kali mahindi yake yalikauka, akautamani udongo mweusi ulio chini ya mafunjo. Akawakusanya wanaume na majembe yao. Koburungo akaingia majini akiwasihi waiache mizizi. Wakacheka. Marehemu mama mkwe wangu, aliyenisimulia haya, alijua kukiigiza kicheko chao.

"Shemeji," Kagaruki akamwambia, "tangu lini ziwa likawa na mdomo? Likivimbiwa litasema."

"Litasema," akajibu. "Nawe utakuwa wa kwanza kukimbia."

Waling'oa yote, wakachoma. Masika yalipofika, mlima uliteremka: udongo mwekundu, samadi, majivu. Ziwa likalishwa kama mgeni anayesukumiwa tonge mdomoni na huku amekwisha kunawa. Kisha jua likarudi, kali kuliko la mwaka uliopita, likalipasha tope. Majani yaliyolala tangu enzi za mababu yakachacha pamoja na uchafu mpya, kama pombe mtungini. Maji yakatoa mapovu, yakanuka. Samaki wakaelea matumbo juu.

Kagaruki alihamishia nyumba yake kileleni, harufu isikofika. Koburungo hakuwa na pa kuhamia. Akaenda kufanya kibarua kwenye shamba lililokuwa mafunjo yake. Na watu waliokula mahindi ya shamba lile, bila haya, wakasema mjane ameliroga ziwa. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo.

Na tangu siku hiyo ziwa hucheua kila jua linapozidi, na pumzi yake hupanda juu, ikatanda kama blanketi na kulizidisha joto la jua lenyewe. Shamba lile lipo, mnalilima. Mahindi mliyotafuna jana yametoka huko. Sasa ziba pua tena, nikuone.