Viatu vya Mheshimiwa Kaniki

"Mama Mbwana, mgeni gani huyo anayeingia kwako na viatu mkononi?"

Swali hilo aliniuliza jirani yangu Bi Nyange, Mungu amrehemu, akiwa dirishani kwake anapepeta mchele kwenye ungo. Wala hakuuliza kwa kunong'ona. Bi Nyange hakujaliwa kunong'ona.

Leo mmerudi kutoka mkutano wa kata mnacheka, mnaniambia mzee mmoja kamsimamisha diwani na kumwambia, "Mwenye neno la haki huacha viatu mlangoni." Watu wakapiga makofi, na ninyi mkapiga makofi bila kujua mnapigia nini. Sasa Salha unaniuliza, bibi, methali hiyo imetoka wapi? Imetoka hapo hapo kwenye kizingiti ulichokalia. Inuka kwanza, mjukuu wangu, kizingiti hakikaliwi. Haya. Methali hii ilianza hivi.

Babu yenu Shemhilu alikuwa polisi, lakini kazi yake haikuwa kukamata watu. Alikuwa mwendesha mashtaka katika mahakama ya wilaya hapa Kwemhoza. Wapelelezi wakishamaliza yao, faili lilikuja mezani kwake, na yeye ndiye aliyesimama mbele ya hakimu kuieleza kesi. Faili likisonga, limesonga kwa mkono wake. Likilala, limelala kwa mkono wake. Ndiyo maana watu walimwamkia mapema mno asubuhi, na yeye akawaitikia kwa kifupi.

Na mji wetu mnaujua. Masika yakianza, udongo mwekundu hupanda mpaka magotini. Hakuna anayeingia na viatu kwenye nyumba ya mtu. Kila mmoja anavua barazani, mlango wa mbele. Kwa hiyo mtaa mzima husoma milango. Ukiona ndara za bluu zilizoungwa kwa waya, Mama Kupaza yumo. Ukiona raba nyeupe, ujue maalimu wa madrasa kaja kunywa chai. Bi Nyange hakujua kusoma hata jina lake, lakini milango ya mtaa huu aliisoma kila siku, asubuhi na jioni.

Huyo Mama Kupaza alikuwa akiuza mapeasi na kabichi pale chini kwenye ngazi za soko. Mwaka mmoja, siku moja asubuhi, pikapu ilishuka mteremko kwa kasi ikampitia yeye na mapeasi yake. Mguu wa kulia ulivunjika mahali pawili. Dereva alikuwa kijana, na hakusimama. Watu waliliona gari, waliona na uso. Alikuwa mtoto wa dada yake Mheshimiwa Kaniki, waziri.

Kaniki alikuwa mtoto wa mtaa huu. Alichunga mbuzi na babu yenu, wakaingia jando siku moja. Alipopata uwaziri tulipika pilau mtaa mzima, na yeye ndiye aliyetuletea maji ya bomba, tukaacha kushuka mtoni. Nawaambia haya msije mkamchora shetani vichwani mwenu. Tulimpenda. Mimi nampenda mpaka leo.

Kesi ikapangwa Jumatatu. Kijana mwenyewe alikuwa haonekani. Wengine walisema yuko Tanga, wengine walisema yuko darini kwa mama yake. Alhamisi, baada ya alasiri, mvua ikinyesha, nikasikia hodi kwenye mlango wa jikoni. Mlango huo huwa wanabisha watoto na wanaoomba moto. Nikafungua, nikamwona Mheshimiwa Kaniki peke yake, suruali ameikunja, tope mpaka kwenye vifundo. Gari lake alikuwa ameliacha kule kwenye kiwanda cha mbao, akapita migombani kwa miguu.

"Shemeji, Shemhilu yupo?"

"Yupo, anamalizia kuswali. Karibu. Viatu viache hapo, nitavipeleka mbele."

"Hapana, shemeji. Nitaingia navyo."

Akainama, akavua, akavikumbatia kifuani kama mtu aliyebeba kuku asiye wake. Ndipo Bi Nyange, kutoka dirishani, akaniuliza swali lile. Kusema uongo nisingeweza, na ukweli haukuwa wangu kuutoa. Nikamjibu, "Mgeni wa mwenye nyumba," nikafunga mlango. Nikasikia mchele umeacha kuruka kwenye ungo.

Babu yenu alitoka chumbani na kofia yake. Walikumbatiana kwa muda mrefu, wakaulizana hali za watoto. Kisha Shemhilu akatazama chini ya kiti, akaviona viatu vimekaa juu ya gazeti.

"Vinafanya nini humu?"

"Mvua, bwana."

"Mbele kuna baraza, haifiki mvua."

Kaniki akatabasamu. "Mtaa wako una macho, Shemhilu."

"Unayo. Na wewe macho yako uliyapatia humu humu."

"Nina neno dogo. Dakika tano tu, niondoke. Ni kuhusu yule kijana wa dada."

Babu yenu akainua kiganja. "Usiliseme bado. Chukua viatu, fungua mlango wa mbele, viweke mahali pa viatu. Kisha rudi ukae, tuzungumze mpaka magharibi ukitaka."

"Leo unaniamrisha mimi? Waziri?"

"Waziri simwamrishi. Namwambia Kaniki, aliyekula kiazi changu machungani akakana kwa viapo, mpaka nilipokuta maganda mfukoni mwake."

Kaniki akacheka, hakutaka kucheka lakini akacheka. "Hicho kiazi hujakisahau?"

"Kilikuwa kimoja, bwana, na siku ilikuwa ndefu."

Mvua ikapiga mabati. Nilikuwa nimesimama na birika. Wakati huo mtu aliweza kuandikiwa barua ya uhamisho asubuhi na jioni akawa yuko mpakani. Mama yangu alikuwa mgonjwa chumba kile, baba yenu Mbwana ndiyo kwanza ameanza shule. Nikamwomba Mungu ampe mume wangu busara. Nikaogopa kwamba busara ameshapewa, na itatugharimu.

Kaniki akasema taratibu, "Watu wakiviona viatu vyangu hapa, watasema nimekuja kuua kesi."

"Umekuja kuiua?"

Kaniki akaviangalia viatu vyake chini ya kiti.

"Basi sikiliza," babu yenu akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole kuliko nilivyotarajia. "Kama neno lako linaweza kusikiwa na yule mama aliyevunjwa mguu, viatu vikae nje. Kama viatu haviwezi kukaa nje, neno hilo nalo lisiingie ndani. Nakupenda, Kaniki. Usinifanye nikufiche."

Nilidhani ataondoka kwa mlango wa jikoni alioingilia. Alikaa kidogo, mikono juu ya magoti. Kisha akainama, akachukua viatu vyake, akafungua mlango wa mbele mwenyewe, akaviweka barazani sambamba, visigino ukutani. Hakuna aliyemshika mkono. Hilo ndilo ninalompendea.

Maji ya chai yalikuwa hata hayajachemka, mtaa umeshajua. Viatu vyeusi vya kamba, vya ngozi ya kung'aa, hakuna mwingine mtaa huu aliyekuwa navyo. Nilisikia Bi Nyange akitangaza habari kwa jirani wa juu, na jirani wa juu kwa wa chini. Kisha nikasikia mkongojo barazani, gogo, gogo.

"Hodi wenyewe!"

Alikuwa Mama Kupaza, mguu umefungwa plasta mpaka pajani. Akavua ndara yake ya bluu, moja tu, kwa kuwa siku hizo alikuwa anavaa moja, akaiweka kando ya viatu vya waziri. Nimeona mengi katika maisha yangu, lakini ile ndara moja kando ya viatu vile bado naiona nikifumba macho.

"Kaniki mwanangu! Nimeambiwa viatu vyako viko hapa, nikasema, huyu hawezi kufika jirani hivi akaondoka bila kunijulia hali."

"Shikamoo, mama," Kaniki akasema, akasimama kama mtoto wa shule.

"Marahaba. Umenenepa. Serikali inakulisha vizuri."

Babu yenu akamvutia kiti. "Mama, Mheshimiwa alikuwa na neno kuhusu kesi yako ya Jumatatu. Sema, Mheshimiwa. Mwenye mguu huyu hapa."

Kaniki aliitazama ile plasta. Wajukuu wa Mama Kupaza walikuwa wameichora kwa mkaa, kuku na nyumba. Aliitazama mpaka nikamwonea huruma.

"Nimekuja kukupa pole, mama."

"Hilo tu?" babu yenu akauliza.

"Hilo tu."

"Ahsante, mwanangu," akasema Mama Kupaza. "Na yule kijana je? Maana mimi sitaki afungwe akaoze. Nataka asimame, anitazame. Siku ile hakusimama."

Kaniki akamgeukia. "Atakuja Jumatatu. Nitamleta mimi, na mimi nitakaa nyuma, kwenye benchi la watu wote."

Hapo babu yenu akachukua daftari lake, akaandika: tarehe, saa, nani kaja, kaingilia mlango gani, kasema nini, nani kasikia. Akaandika na habari ya viatu. Akamsomea Kaniki yote, neno kwa neno, akampa kalamu. Kaniki alipofika kwenye viatu akasita, kisha akatia saini.

Jumatatu, kabla kesi haijaanza, babu yenu alisimama akamsomea hakimu maandishi yale mbele ya watu wote, na nakala yake ikabandikwa kwenye ubao wa mahakama. Kijana alikuja. Alikiri. Alimtazama Mama Kupaza, akalia, na hakimu akampa adhabu yake kama angempa mtoto wa mtu yeyote.

Mimi nilirudi nyumbani nikafunga vyombo kwenye sanduku. Nilingoja barua ya uhamisho wiki nane. Barua ilikuja kweli, ikiwa na muhuri wa wizara, na babu yenu akaifungua akiwa amesimama. Haikuwa ya uhamisho. Kaniki alikuwa anaomba kwamba kuanzia sasa, kila atakapozungumza na polisi au mwendesha mashtaka wa wilaya yetu juu ya jambo lolote, kwa mdomo au kwa simu, liandikwe na libandikwe ubaoni, aonekane. Na likaanza kubandikwa. Mara nyingine lilikuwa jambo dogo tu, kaulizia tochi za askari wa doria. Lakini lilikuwepo.

Bi Nyange alinivuta mkono siku ya kwanza, nikamsomee ule ubao. Nikamsomea wote, mpaka muhuri. Akasikiliza, ungo umemkaa kiunoni, kisha akatikisa kichwa kwa kuridhika, kama alivyofanya akimaliza kusoma milango.

"Vizuri," akasema. "Mwenye neno la haki huacha viatu mlangoni."

Sokoni walilichukua neno hilo siku hiyo hiyo. Na nadhani ndilo mlilolipigia makofi leo.

Babu yenu alipofariki, ninyi bado hamjazaliwa, ilikuwa masika tena. Watu walijaa mpaka njiani, na viatu vilirundikana barazani vikamwagika mpaka uani. Kaniki alikuja, ameshastaafu, anatembelea fimbo. Akavua viatu vyake mbele kabisa, nje ya baraza, mahali mvua inaponyeshea. Alikaa na wanaume mpaka hitma ikaisha, kisha akaletwa kwangu kunipa mkono. Uso wote ulikuwa umelowa, na haikuwa mvua peke yake.

Nikamwambia, "Shemeji, viatu vyako vinalowa kule nje. Ngoja niwaambie wavisogeze ndani."

Akanishika mikono yangu miwili.

"Viache, shemeji. Mwenye neno la haki huacha viatu mlangoni."

Kisha akatoka, akainama kwenye mvua, akavivaa vikiwa vimejaa maji, akashika njia ya mbele bila kusema neno jingine.