Chupa ya Darajani

Kila Jumatatu asubuhi mpima maji wa kiwanda cha ngozi alipaswa kushuka mtoni hadi chini ya bomba la majitaka, ajaze chupa na kuipeleka maabara. Kwa miaka mitatu hakushuka. Aliishia darajani, upande wa juu wa mto kabla ya kiwanda, ambako mto ulikuwa haujaonja dawa, akachota maji safi, kisha akaandika kuwa ni ya bombani. Wenzake walimtania kwa kumwita Daktari wa Mto. Alicheka nao, roho ikiwa juu juu.

Hakuwa mtu mbaya. Meneja alimweleza kinagaubaga: "Tukionekana wachafu, tutafungiwa. Watu mia mbili watakula wapi?" Miongoni mwao alikuwamo mkewe, mwanikaji wa ngozi, na shemeji zake wawili. Basi akaufyata mkia, lakini utulivu ulimhama. Akikaa anainuka, akiinuka anakaa. Mkewe alipomuuliza, alisingizia tumbo.

Mwaka wa nne mkaguzi wa mto alileta habari njema. Serikali ingejenga mabwawa ya kusafishia majitaka katika kiwanda kimoja, kile chenye hali mbaya zaidi, na kazi isingesimama hata siku moja. Kilichotakiwa ni vipimo vya miaka mitatu.

Meneja alimvuta mpima maji kando ya mlango. "Lete zile karatasi mbaya, haraka."

"Zipi, bosi? Si ulisema zisiwepo?"

Ndani, mkaguzi alifunua jalada ukurasa baada ya ukurasa. "Hongereni," alisema. "Maji yenu ni safi kuliko ya bomba la nyumbani kwangu."

Ukweli ulimfika mpima maji kooni. Alimtazama meneja, naye meneja akatazama dirisha. Mpima maji akaiona jela mbele yake, akaumeza ukweli ule.

"Tunajitahidi, mzee," alisema, na papo hapo akajichukia.

Mabwawa yakajengwa ng'ambo ya mto, kwenye kiwanda cha sabuni ambacho wote walikicheka kwa kujitangaza kichafu tangu mwanzo.

Miezi saba baadaye ng'ombe wa wakulima waishio chini ya kiwanda walikunywa mtoni wakafa. Safari hii wakaguzi walikuja na chupa zao wenyewe na kushuka hadi bombani. Kiwanda kikafungwa siku hiyohiyo, watu mia mbili wakatoka langoni wakiwa wamebeba viatu vya kazi.

Mkewe alimkuta amekaa kizingitini, akaketi karibu naye bila kuvua glavu. Hapo mumewe akamweleza yote, toka mwanzo hadi mwisho. Mkewe akamgeukia.

"Yule mkaguzi alipokuja kutusaidia, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Na ukamwambia hatuumwi."

 Kweli, mficha maradhi, kifo humuumbua.