Matanga ya Mshirika Asiyetajwa

Palikuwa na kilio kimoja tu usiku ule, kirefu, chembamba, kisha kikakatika. Kadhi wa mji, Sheikh Mselemu, akageuka kitandani.

"Kuna aliyekufa," akamwambia mkewe. "Kesho usipike."

Kadhi huyu alikuwa na nyumba ya kupangisha, na hakuwa nayo. Waliinunua watatu: Bi Mgeni mkaanga bagia, shemeji yake Ngwali mshona kofia, na yeye, rafiki wa familia. Lakini aliwaapisha wasimtaje jina. Kadhi ataamuaje mashitaka ya wapangaji wake mwenyewe? Basi wakamwita Fulani. Kodi ikiingia, fungu la Fulani lilitangulia. Paa likivuja, Fulani hayupo. Wapangaji wakienda kushitaki, Kadhi aliwaambia mvua ni rehema, wakinge ndoo.

Mwishowe Bi Mgeni alimwomba achangie mabati.

"Kodi haina jina, bibi," Kadhi akamjibu. "Fundi hulipwa na wenye majina. Mkishindwa, niachieni nyumba."

Na nyumba hiyo ndiyo iliyomeza bagia zote alizokaanga Bi Mgeni tangu ujana wake.

Asubuhi Kadhi akafuata upande kilikotoka kilio. Akafika kwenye nyumba ile ile. Wapangaji wameketi ukumbini, nguo zimelowa, ubani unafuka. Katikati pana jeneza, limefunikwa shuka ya kijani. Wamepika kabla ya kuzika. Kadhi akaona ajabu, lakini harufu ya pilau ikamshinda nguvu. Akamwombea marehemu msamaha wa madhambi yake yote, makubwa na madogo. Akala. Akaomba aongezewe nyama.

Kisha akainuka kushika jeneza.

"Mbona jepesi?"

"Marehemu hakuwahi kubeba kitu, Sheikh," akasema Bi Mgeni. "Uzito angeutoa wapi?"

"Kwani ni nani?"

"Fulani. Mshirika wetu wa nyumba."

Kadhi akaliachia jeneza.

Ngwali akasimama, akauliza kama ilivyo ada ya maziko: yupo anayemdai marehemu? Mikono ikainuka ukumbi mzima.

"Godoro langu limeoza."

"Mimi ananidai usingizi wa masika mawili. Samahani, mimi ndiye namdai."

"Kuku wangu alizama. Ndani ya nyumba."

"Sasa Kadhi wetu," akasema Bi Mgeni, "tuhukumie. Hakuacha mke, mtoto wala ndugu. Fungu lake liende wapi?"

Kadhi aliijua sheria, na watu waliijua. Mali ya asiye na mrithi huenda hazina ya mji.

"Polepole, Bi Mgeni. Huyu Fulani hajafa."

"Umemwona?"

"Nimemwona."

"Lini?"

"Leo."

"Hali yake?"

"Mzima."

"Anakula?"

"Anakula vizuri."

"Hilo nimeliona," akasema Bi Mgeni, akiitazama sahani ya Kadhi.

Wapangaji wakainamisha vichwa, mabega yakitikisika. Tone la maji likaanguka kutoka darini, likatua juu ya kilemba cha Kadhi. Likaja la pili.

"Basi Sheikh, amua," akasema Bi Mgeni. "Kama yu hai, aezeke paa na awalipe hawa. Kama kafa, fungu lake ni la mji. Nimwite fundi, au nimwite mchimba kaburi?"

Vijana wakalinyanyua jeneza kwa mkono mmoja mmoja.

"Ngojeni," akasema Kadhi.

"Kaburi halingoji," akasema Bi Mgeni. "Ila akisomewa talkini kaburini lazima maiti aitwe kwa jina lake na la mama yake, na akina Fulani ni wengi mno, malaika wasije wakagonga mlango usio wake. Wewe uliyemwona leo, tusaidie. Tumwiteje?"

Kadhi akafuta mafuta ya pilau midomoni. Akasema, kwa sauti ya mpangaji anayeomba asubiriwe hadi mwisho wa mwezi:

"Mselemu. Mwana wa Bi Time."