Raya Jasho na Jini Asiyejua Kidogo

Waliotutangulia walisimulia, nasi tuliosikia hatuna budi kusimulia, ya kwamba katika mji wa Kandawi, ulio kati ya mlima wa chumvi na jangwa la Sumumi, alitawala Sultani Ghanimu bin Harithi, mtu mwadilifu na mkarimu, asiye na ila yoyote isipokuwa moja, ile ya kupenda mno. Alimpenda mkewe, Sitti Rehani, na Sitti Rehani alipofariki dunia aliacha kitu kimoja alichokipanda kwa mkono wake, nacho ni mche wa mkomamanga katikati ya bustani ya kasri, na Sultani akauita mche ule amana, akasimama mbele yake akasema, "Huu ukifa, mke wangu atakuwa amenifia mara ya pili."

Akamwita mtunza bustani wake, kijana aitwaye Mbaruku, akamwapisha mbele ya kadhi kwamba hatavuka lango la bustani mpaka mti ule uzae tunda lake la kwanza. Lakini Kandawi si nchi ya kuzaa makomamanga. Mvua yake huja mara moja kwa mwaka, nayo huja kama mgeni aliyepita kusalimia tu, hata viatu havui. Mbaruku alipewa ndoo moja ya maji kwa siku, akaimwaga shinani, na mchanga ukayanywa kabla hajaiweka ndoo chini, na yaliyosalia yakanywewa na jua. Mwaka wa kwanza ukapita hivyo na wa pili ukapita hivyo, na mti ukaishi kwa kuona haya tu.

Na katika mji ule alikuwako mfinyanzi, Raya binti Kombo, ambaye mamaye alikufa kabla hajamfundisha kipimo cha pumba za mtama zinazochanganywa na udongo. Raya akawa anatia pumba nyingi kupita kiasi, na mitungi ikiingia motoni pumba zikaungua zikaacha vitundu visivyoonekana kwa macho, na mtungi wa Raya ukiutia maji ulitoka jasho kutwa kucha, hata ukaukuta mtupu, umekaa kwenye tope. Wanawake walimrudishia. Wengine waliipikia mitungi ile uji mzito ili vitundu vizibe, kama ilivyo desturi, na uji nao ukatoka jasho. Basi wakamwita Raya Jasho, na jina likamganda. Husemwa mfinyanzi hulia gaeni, lakini Raya hata gae lake lilivuja.

Mteja alikuwa naye mmoja, Mbaruku. Kila juma Raya alikwenda langoni na mtungi kichwani, na Mbaruku akaupokea kwa mikono miwili kama anapokea mtoto.

"Una mitungi kumi na minne sasa," Raya alimwambia siku moja. "Unaifanyia nini?"

"Naitazama."

"Inavuja, Mbaruku."

"Mimi nimelalamika?"

Raya akainama kuificha sura yake, maana alikuwa akicheka, na moyoni alijua kwamba anampenda mtu huyu aliyefungwa na mti. Walikwisha kuahidiana kuoana siku komamanga la kwanza litakapoiva. Lakini kiangazi cha mwaka wa tatu kilikuja kikali, mkomamanga ukaanza kupukutisha majani, na Sultani, aliyekuwa hapati usingizi kwa majonzi, akatoa neno mbele ya mawaziri kwamba mti ukifa, Mbaruku atatolewa kwa mlango wa mashariki aingie jangwa la Sumumi, na jangwa lile halijapata kumrudisha mtu.

Raya aliposikia akachukua jembe akaenda kuchimba udongo kwenye mkondo mkavu wa mto, si kwa kuwa alihitaji udongo, bali kwa kuwa mikono yake ilikataa kutulia. Akachimba na kulia, akalia na kuchimba, mara jembe likagonga birika la shaba lililozibwa kwa madini ya risasi. Akaipasua risasi. Pakatoka moshi, na moshi ukawa jini, miguu yake mkondoni na kilemba chake mawinguni, akapiga magoti kwa kishindo kilichoangusha kuta tatu za jirani.

"Labeka, bibi yangu! Mimi ni Barhamusi wa Bahari ya Kulizumi. Nina deni la huduma tatu kwa atakayenifungua, kisha ni huru. Taja upesi, nakusihi, maana nina mama anayeningoja huu mwaka wa mia nne, na nilimwambia nakwenda mara moja tu."

Akili haikumtoka Raya. Akasema, "Ewe Barhamusi, katika bustani ya Sultani kuna mkomamanga. Nakuomba uutilie maji kidogo."

Sasa fahamuni kwamba katika lugha ya majini wa Kulizumi hakuna neno kidogo. Barhamusi hakupata kulisikia, akadhani ni sifa, kama mtu asemavyo maji matukufu. Akasema, "Sikio na utiifu, maji kidogo yanakuja!" Akaruka, na kabla Raya hajajifunga kanga vizuri, mto ukashuka kutoka mlima wa chumvi ukaingia bustanini kwa ngurumo, ukabeba mabenchi na mawaridi na mbuzi wawili wa waziri. Mbaruku akaukumbatia mkomamanga kwa mikono yote miwili, maji yakimpiga kifuani, asiuachie.

"Yaondoe!" Raya akapiga ukelele kutoka langoni alikokimbilia. "Yaondoe maji yote juu ya ardhi!"

"Na hii ni ya pili," akasema Barhamusi kwa furaha, akayafyonza yote, na pamoja na mafuriko akafyonza mabirika ya kasri, na mapipa ya misikiti, na ndoo za akina mama, hata kikombe cha kahawa alichokishika kadhi kikawa na unga mkavu. Visima peke yake vilibaki, kwa kuwa vi chini ya ardhi, navyo vilikuwa na maji ya kufika kwenye kifundo cha mguu tu. Mkomamanga ukasimama mizizi nje, umebakiwa na majani saba.

Raya akaletwa mbele ya Sultani pale bustanini. Ua wote ukajaa watu, na kila mtu alikuwa na ushauri. Waziri alisema aombe mto wa kudumu, kadhi alisema aombe mvua ya siku arubaini, na jini mwenyewe alisimama nyuma ya ukuta akiinama kusikiliza, akanong'ona kwa sauti iliyotikisa madirisha, "Omba kikubwa, bibi. Chururu si ndondondo!"

Sultani akasema, "Ewe binti Kombo, ulimi wako umetutia katika msiba, na ulimi wako ndio utakaotutoa. Imebaki haja moja. Pima maneno yako kuliko ulivyopima pumba zako."

Watu wakacheka, na Raya hakucheka, maana alikuwa akitazama chini. Gharika ilikuwa imefukia mtungi mmoja wa Mbaruku mpaka shingoni ikautia maji, na jini hakuyafyonza kwa kuwa hayakuwa juu ya ardhi. Kotekote bustani ilikuwa kavu imepasuka, lakini kuuzunguka mtungi ule mchanga ulikuwa mweusi, na katika ule weusi palikuwa na mche wa mchicha umesimama wima, wa kijani kabisa. Raya akapiga magoti akatia kidole. Unyevu. Akatazama ndani ya mtungi, na maji yalikuwa bado nusu.

Ndipo akafahamu. Mtungi ulikuwa ukitoka jasho kama kawaida yake mbaya, lakini ardhini jasho halikuwa na pa kupotelea, jua halikulifikia, na mzizi ulilifuata ukanywa kwa kadiri ya kiu yake.

"Mbaruku," akasema, "nipe mtungi wangu mwingine, ule unaovuja kuliko yote."

"Ni upi huo? Yote ni hodari."

Wakaufukia kando ya mkomamanga, wakairudishia mizizi udongo, kisha Raya akainua uso. "Barhamusi, haja yangu ya tatu ni hii. Ujaze mtungi huu kwa maji matamu, na uujaze tena kila upunguapo, mpaka nikwambie yatosha."

"Hili tu?" Jini akacheka hata kilemba kikamlegea. Akaujaza kwa ncha ya kidole, akasimama kuaga, akachungulia. Mtungi ulikuwa umepungua kwa upana wa ukucha. Akaongeza. Ukapungua. Akaongeza tone, akangoja, akaongeza tone. Mwisho akaketi chini, akawa mdogo kiasi cha mtu, akaegemeza kidole mdomoni mwa mtungi.

"Bibi," akauliza baada ya kitambo, "hiki nikifanyacho kinaitwaje?"

"Kidogo," akasema Raya.

Siku ya tatu jani la nane likachomoza. Baada ya mwezi mti ulikuwa umevaa kijani kitupu. Na watu wa Kandawi, waliokuwa wameachiwa maji ya kifundo, wakaja kwa Raya wakiwa wamejitanda vichwa kwa haya, wale wale waliomrudishia mitungi, wakisema, "Mwanangu, tufinyangie, na pumba usituonee choyo." Mtungi mmoja ulichukua siku tano kuisha. Mwenye kuchota ndoo moja akapata biringani, mwenye ndoo mbili akapata na matikiti, na tanuri la Raya halikupoa.

Lakini Sultani aliingiwa na hofu. Akafikiri, ikiwa Raya atasema lile neno, jini atakwenda zake, na nani atauangalia mti kwa uangalifu ule? Akapiga mbiu kwamba ni marufuku kwa kiumbe yeyote katika Kandawi kutamka yatosha, jini asije akalisikia akadhani ameachiliwa. Mkaona mambo! Mgeni akaandaliwa wali, akaongezwa, akaongezwa, na hana neno la kumzuia mwenyeji, hata akabebwa kurudishwa kwake. Kinyozi alimuuliza mteja, "Nipunguze tena?" na mteja akabaki kukodoa macho mpaka akatoka na upara. Siku za harusi mabibi harusi walipakwa hina mpaka shingoni.

Jini hakuona kichekesho. Raya alipokwenda bustanini jioni kabla ya magharibi alimkuta ameketi palepale, kidole mtungini, na machozi yanamtiririka yakiingia mtungini pamoja na maji.

"Nilimwambia mama nakwenda mara moja," akasema. "Zamani sikujua mia nne ni mingi, bibi. Kwetu kila kitu ni kingi. Sasa nimeketi hapa nahesabu tone kwa tone, nimejua kila siku aliyoningoja."

Raya akarudi nyumbani na maneno yale moyoni.

Komamanga la kwanza likatokeza, likavimba, likaiva jekundu. Sultani akalishika mkononi bila kulichuma, akamwita Raya mbele ya watu akasema, "Ewe binti Kombo, umenirudishia amana yangu. Omba haja moja, nami naapa kwa aliyeziumba mbingu, sitakunyima."

Watu wote walijua ataomba nini. Tunda lilikuwa limeiva, lakini Sultani alikwisha kubadili kiapo, akasema Mbaruku asitoke bustanini maisha yake yote, maana hakumwamini mtu mwingine na mti ule. Raya na Mbaruku walikuwa wamekubaliana aombe uhuru wake. Raya akamtazama Mbaruku, kisha akamtazama jini. Mbaruku akafuata macho yake, akaelewa. Kisha akatikisa kichwa kukubali, taratibu.

"Maulana," akasema Raya, "naomba ruhusa ya kusema neno moja."

Sultani akasema, "Unajua unachokipoteza?"

"Najua. Ninampenda mtu aliye nyuma ya lango lako kuliko ninavyoweza kukueleza. Lakini huyu naye ana mtu anayemngoja, na aliyemfunga ni mimi. Siwezi kuivaa furaha yangu juu ya mama wa mtu."

Sultani hakuweza kurudi nyuma, kwa kuwa ameapa. Akainamisha kichwa. Raya akapiga magoti mbele ya jini akasema, "Barhamusi, yatosha."

Jini akaondoa kidole. Akambusu Raya mkono, akaomba mtungi mmoja unaovuja, akasema, "Nimpelekee mama kidogo." Akaukumbata kifuani, akapaa polepole, kwa kuuogopea usivunjike.

Mkomamanga ukabaki peke yake na mtungi wake. Mbaruku akanyoosha mkono kuchukua ndoo, lakini Sultani akamzuia. Akaikunja mikono ya joho lake la hariri, akaenda kisimani mwenyewe, akachota, akarudi akapiga magoti mchangani mbele ya raia zake wote. Akamimina taratibu, na alipokuwa akimimina machozi yakaanza kumtoka, yale aliyoyazuia miaka mitatu, moja, kisha jingine, wala hakuyafuta. Mtungi ulipojaa akamgeukia Mbaruku.

"Kijana," akasema, "nimekufungia ndani ya majonzi yangu, na majonzi ni yangu mimi. Nitakuwa nikija mwenyewe kila siku ya tano." Akamshika mkono, akampeleka mpaka langoni, akalifungua kwa mkono wake. "Nenda kwa mwenzio. Yatosha."

Wakaoana Ijumaa iliyofuata, na tanuri la Raya likawatajirisha kwa halali, na Kandawi ikawa kijani mpaka ukingoni mwa Sumumi. Wenye hekima wa mji ule walifundisha watoto wao kwamba apendaye mti huunywesha kwa kiu yake mti, si kwa hofu yake mwenyewe, na apendaye mtu vivyo hivyo. Hekaya nimeipokea nzima na nimeipeleka nzima. Palipovuja, msinilaumu, mfinyanzi wake ni Raya.